Santuri si taka: jawabu kwa msomaji mwenzangu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki chache nyuma kuhusu vitu vinavyotolewa kwenye nyumba za Mji Mkongwe zinapofanyiwa matengenezo. Mengi aliyoyasema ni ya haki. Makasha yanauzwa, milango inauzwa, na mara nyingi anayeuza hajui anauza nini. Lakini alipofika kwenye santuri alisema mambo mawili ambayo siwezi kuyanyamazia. La kwanza, kwamba masanduku ya santuri ni taka kwa sababu nyimbo zote sasa zimo kwenye simu. La pili, nalo ndilo lililoniuma, kwamba hata kama tutaziweka, tuweke zile zilizorekodiwa studio tu, maana za jukwaani zina kelele na makosa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha fizikia katika skuli za Unguja tokea miaka ya sabini, na nakaa Michenzani. Santuri nimezikusanya maisha yangu yote: taarabu ya hapa kwetu na ya Mombasa, za Kihindi, za Kimisri, dansi la Dar es Salaam, na jazi. Nikiambiwa nibaki na moja tu, nitabaki na ya jukwaani. Inaitwa Agharta, ya mpiga tarumbeta wa Marekani Miles Davis, na ilirekodiwa kwenye Festival Hall, mjini Osaka, Japani, alasiri ya tarehe 1 Februari 1975. Ni santuri mbili ndani ya jalada moja. Wenye kupanga muziki kwa mafungu huiita jazi-roki, na sina ugomvi na jina hilo: magitaa mawili ya umeme, besi ya umeme, na hata tarumbeta lenyewe limepitishwa kwenye kifaa cha umeme kinachokanyagwa kwa mguu, kile wanachokiita wawa.

Ilifikaje kwetu? Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Alianza kwa kupaka grisi kwenye chumba cha mashine, na meli alizopata nyingi zilikuwa za njia ya Mashariki ya Mbali. Mwaka 1977 alirudi nyumbani na mashine ya santuri aliyoinunua Kobe, bado imo ndani ya boksi lake, pamoja na santuri chache. Hakuwa mtu wa jazi. Aliingia dukani kutafuta spika, akaikuta inapigwa, akasimama mpaka upande mzima ukaisha. Alipouliza ni nini hii, muuzaji, kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja, akampa jalada ashike.

Na jalada lenyewe linatosha kumshika mtu. Toleo la Kijapani lilichorwa na Tadanori Yokoo. Mbele ni mji wa majumba marefu na mwanga mwekundu unaopanda kama moto. Nyuma ni bahari na matumbawe. Agharta ni mji wa kwenye hadithi, unaosemwa uko chini ya ardhi. Mama alilichukua jalada, akaligeuza, akasema huko nyuma ni Chumbe, kisiwa chetu cha matumbawe, kisha akalirudisha.

Mashine tuliiwasha siku hiyo hiyo kwa transfoma, kwa sababu umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Muziki ukatoka, mzito, wa chini, umelegea. Kaka akatikisa kichwa: “Siyo hii. Hii siyo niliyoisikia dukani.” Alidhani ameuziwa santuri nyengine ndani ya jalada lile.

Hapo ndipo fizikia ilipoingia nyumbani kwetu. Nilibandika kipande cha karatasi nyeupe pembeni mwa sahani inayozunguka, nikashika saa, nikahesabu. Santuri ya namna hii hutakiwa izunguke mara 33 na theluthi kwa dakika. Yetu haikufika hata 28. Sababu si mashine mbovu. Umeme wa Kobe na Osaka, na upande wote wa magharibi wa Japani, huenda kwa mapigo 60 kwa sekunde. Wetu huenda kwa mapigo 50. Mota ya mashine ile hufuata mapigo ya umeme, hivyo hapa Unguja ilizunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake. Transfoma hupunguza volti, mapigo haiyagusi. Wimbo wa dakika 20 ulichukua dakika 24, na kila noti ilishuka kwa zaidi ya nusutoni tatu. Tarumbeta la Miles Davis tulilisikia karibu limekuwa trombone.

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa kukereza vyuma, mzee ambaye kazi yake hasa ilikuwa vipuri vya mashine za boti. Nilimpelekea ile puli ndogo ya mota, ile inayovuta mkanda wa mpira, na karatasi yenye hesabu: puli mpya iwe na kipenyo kikubwa kuliko cha asili kwa sehemu moja ya tano, wala isizidi. Aliisoma, akaniuliza inafanya kazi gani. Nikamwambia muziki. Akasema basi lazima iwe sawasawa, maana boti ikikosea kidogo inakwenda tu, lakini sikio halidanganyiki. Aliikereza kwa shaba, akaipima, akaitoa tena unywele, akaipima. Ile puli bado iko ndani ya mashine hiyo hiyo, imegeuka rangi kuwa ya kahawia, na mfereji wake unaokaa mkanda unang'aa kama siku ile.

Tukaiweka tena santuri. Hakuna utangulizi. Sindano ikishuka tu wameshaanza, na mtu wa kwanza unayemsikia ni Al Foster kwenye drams, mguu wake ukiacha yale matoazi mawili wazi, yanachemka muda wote bila ya kufungwa. Mama alikuwa anakuna nazi. Alisikiliza mpaka akasema: “Huyu wa matoazi hachoki.” Sijasoma mchambuzi yeyote, na nimesoma wengi, aliyeisema alasiri ile kwa maneno machache kuliko hayo. Foster hachoki. Kila kitu kingine kinapanda juu ya yale matoazi.

Walikuwa watu saba. Miles Davis tarumbeta na kinanda cha ogani. Sonny Fortune saksafoni na filimbi. Michael Henderson besi; alitoka kwenye kundi la mwimbaji Stevie Wonder, na anaweza kurudia mstari mmoja muda mrefu mpaka ukasahau kuwa kuna mtu anaupiga, kisha akaubadilisha noti moja ukashtuka. Reggie Lucas gitaa la mdundo. James Mtume konga na vyombo vidogo vya kugonga, mzaliwa wa Philadelphia aliyechukua jina la Kiswahili kama walivyofanya Wamarekani weusi wengi wa wakati ule (mama alipolisikia jina hilo alitaka kwanza aelezwe ni nani kampa). Na Pete Cosey wa Chicago, gitaa la pili, aliyekuwa akipiga amekaa, na mbele yake meza iliyojaa vyombo vya kugonga na kisanduku cha sauti za umeme.

Kuhusu Cosey naomba Mhariri unisamehe nikirefusha. Nimesikia wapiga gitaa wengi. Wengi wanajua njia, na unaona wanakokwenda. Huyu alikuwa akizifunga nyuzi zake kwa namna zake mwenyewe, si kama wafungavyo watu, na anapoanza kupiga peke yake sauti haitoki kwenye gitaa, inatoka ukutani. Kwenye ule upande wa kwanza anasubiri. Fortune anapiga saksafoni kwanza, safi, haraka, kila noti imekaa mahali pake. Halafu anaingia Cosey na kuvuruga kila kitu kilichopangwa, na chini yake Henderson na Foster hawatikisiki hata kidogo. Halafu ghafla kundi zima linasita. Miles ametoa ishara, kwa mkono au kwa kubonyeza ogani kwa nguvu, wote wanyamaze, na Cosey anabaki hewani peke yake, sekunde mbili, tatu. Kisha wanarudi wote kwa pigo moja. Hilo, msomaji mwenzangu, ndilo unaloliita kosa? Mtu ameachwa bila ya ardhi chini ya miguu yake mbele ya ukumbi uliojaa, na unamsikia anavyoamua.

Nije kwenye hoja ya studio, maana nadhani ndugu yetu hajui santuri za studio zinavyotengenezwa. Santuri za Miles Davis za studio za miaka ile, kama In a Silent Way ya 1969 na Bitches Brew ya 1970, zilipita kwenye wembe wa mtayarishaji wake, Teo Macero. Walipiga muda mrefu, kisha Macero akakata ukanda, akaunga, akarudia kipande cha mwanzo mwishoni. Ni kazi ya sanaa na ninazo zote mbili. Lakini asije mtu akaniambia kuwa hiyo ndiyo sauti halisi na ya jukwaani ndiyo iliyochafuka. Ya jukwaani ndiyo iliyotokea. Santuri ya kwanza ya Agharta ni nusu ya kwanza ya onyesho, na ya pili ni nusu ya pili. Unakaa pale ulipokaa mtu wa Osaka.

Na watu wale walikuwa hawako sawa. Kundi lilikuwa katikati ya ziara ya wiki tatu Japani. Miles alikuwa mgonjwa, nyonga inamuuma, tumbo lina vidonda, anaishi kwa dawa za maumivu. Siku ile ile usiku walipanda tena jukwaa lile lile na kupiga onyesho la pili, lililotoka kwenye santuri nyengine mbili zinazoitwa Pangaea. Fikiria: maonyesho mawili kwa siku moja, na muziki wa uzito ule. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha kupiga hadharani, na hakurudi jukwaani mpaka 1981. Ukilijua hilo, zile sehemu ambapo tarumbeta linatoa noti mbili tatu tu na kunyamaza, huzisikii tena kama upungufu. Anazitafuta pumzi zake na kuzitumia pale tu zinapohitajika.

Upande wa pili unaanza na mwisho wa kipande kile kile cha kwanza, kwa sababu kina zaidi ya nusu saa na hakikuenea upande mmoja. Inabidi uinuke ugeuze. Halafu wanapoa, na filimbi ya Fortune inaingia na wimbo uitwao Maiysha, mpole, karibu wa kuchezeka harusini, na unadhani sasa utapumzika. Hutapumzika sana. Cosey yupo.

Santuri ya pili siwezi kuieleza yote. Nitasema tu kuwa katikati ya zile dakika ndefu, besi ya Henderson inagusa So What, wimbo ambao Miles aliurekodi mwaka 1959 akiwa mtu mwengine kabisa, amevaa suti, anapiga kwa utulivu. Ni chini ya dakika moja, wanaupita na kuendelea. Nimewahi kumwekea rafiki yangu anayepiga fidla kwenye taarabu, alipofika hapo aliinua kidole na kusema: “Kakumbuka kwao.” Na mwisho wa onyesho hawamalizi kwa kishindo. Midundo inapungua, zinabaki sauti za kile kisanduku cha umeme na vyombo vidogo vinavyogongwa mara moja moja, mpaka hujui muziki umekwisha lini.

Sasa nieleze kwa nini santuri na si simu, na nitalieleza kwa namna niliyozoea kuwaeleza wanafunzi. Santuri ni mfereji mmoja tu, mrefu, unaozunguka kutoka ukingoni kwenda ndani. Kuta za mfereji zimechongwa kwa umbo la sauti yenyewe. Ukingoni, sindano inapita juu ya sentimita kama 51 kwa kila sekunde. Karibu na karatasi ya katikati inapita 21 tu. Sauti ile ile, sekunde ile ile, lakini imebanwa kwenye nafasi isiyofika hata nusu. Kwa hivyo mwisho wa kila upande ndipo panapokuwa pagumu kwa sindano kuliko pote. Na Agharta ina pande ndefu, dakika 22 na zaidi kila mmoja, mbili kati yake zinavuka 25. Ili mfereji mrefu hivyo uenee, lazima uchongwe mwembamba na sauti ishushwe. Ndiyo maana albamu hiyo ilitolewa na ushauri kwa msikilizaji: aipige kwa sauti ya juu kabisa awezayo. Jirani zangu wa Michenzani ni mashahidi kuwa ushauri huo nimeufuata, na nawashukuru kwa subira yao. Mmoja wao, kijana wa bodaboda, siku hizi hupanda ngazi kuja kuuliza ni upande wa ngapi.

Kwenye simu ninayo pia. Mjukuu wangu alinitilia. Siidharau. Nilikwenda nayo hospitali nikailala nayo masikioni. Lakini kwenye simu imekuwa vipande, kila kipande na jina lake, na unaweza kuruka. Santuri hairukwi kirahisi. Lazima ukae, usikilize, na ukitaka nusu ya pili ya onyesho uitoe kwenye ala yake, yaani ule mfuko wake wa karatasi, kwa mikono miwili. Mwaka 2008 tulipokosa umeme karibu mwezi mzima, na tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, sikuipiga kabisa, wala simu wakati ule haikuwa na cha kunisaidia. Nilikuwa naitoa naifuta vumbi. Umeme uliporudi usiku, mtaa mzima ulipiga kelele za furaha, na mimi nilisubiri jirani zangu wamalize, kisha nikaiwasha.

Hao watu saba wote wamekwishafariki. Miles 1991, Cosey 2012, Lucas na Fortune 2018, Mtume na Henderson 2022, na Al Foster, wa matoazi, Mei 2025. Nilipoisoma habari ya Foster nilikwenda kuweka upande wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 32 siku ile Osaka, na kwenye santuri yangu anao huo huo.

Hili ndilo nililotaka kulisema, Mhariri, nalo si la Osaka ni la hapa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na tunazitaja kwa fahari mpaka leo. Lakini santuri za wakati ule, zile nzito za lakh, gundi ngumu itokayo kwa wadudu, zinazovunjika, zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulichukua dakika tatu na kitu. Kila alichoimba ilibidi kiingie humo. Usiku mzima wa Siti, watu wamekaa, mtu anainuka kumtunza, ubeti unarudiwa kwa sababu umemchoma mtu fulani aliyeko pale pale, hakuna chombo cha wakati ule kilichoweza kuuchukua. Tunayo sauti yake. Usiku wake hatuna.

Hiyo ilikuwa 1928 na hapakuwa na njia. Leo udhuru huo haupo. Bi Kidude ametutoka Aprili 2013. Amekaa jukwaani maisha ya watu wawili. Vikundi vyetu vya taarabu vipo: Culture Musical Club tokea 1958, Ikhwani Safaa tokea 1905. Kila Februari Ngome Kongwe inajaa kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara. Nimekaa kwenye majani yale nikasikia mambo ambayo ningetoa mshahara wa mwezi kuyasikia tena, na nilichokiona mbele yangu ni mikono iliyonyanyua simu, kila mmoja anachukua nusu dakika, halafu anashusha ili aitume. Nusu dakika ni fupi hata kuliko zile santuri za Bombay. Tumerudi nyuma ya 1928 kwa hiari yetu wenyewe.

Na wanaporekodi taarabu vizuri, huwapeleka wanamuziki kwenye chumba kilichofunikwa magodoro, mwimbaji peke yake, qanuni peke yake, kisha wanaunganisha. Inatoka safi. Lakini mwimbaji wa taarabu bila ya watu mbele yake anaimba nusu. Vigelegele si kelele. Yule mama anayeinuka kutoka nyuma na noti ya fedha mkononi, akicheza taratibu mpaka mbele, anabadilisha kile kinachopigwa. Mpiga fidla anamwona, anarefusha. Usipomrekodi yeye, umerekodi jawabu bila ya suali.

Gharama si kubwa. Mashine ya kurekodi ya leo inaenea mfukoni. Maikrofoni mbili zielekezwe kwa watu, waya mmoja utoke kwenye meza ya mitambo, na akae mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kutoka wanapokaza nyuzi mpaka viti vinapokunjwa. Asikate kitu. Nakala moja wapewe wanamuziki wenyewe, moja ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na moja ikae kwa waandaaji. Ruhusa iandikwe kabla, na malipo yakija yapite kwa haki; COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki wa Zanzibar, wapo kwa kazi hiyo. Na kama siku moja atatokea wa kuutoa usiku mmoja kamili wa Ngome Kongwe kwenye santuri mbili, kwa mpangilio wake, na jalada lililochorwa na kijana wa hapa hapa, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, hata kwa mkongojo.

Kuhusu masanduku ya Mji Mkongwe: nawaomba wenye nyumba na mafundi wao wasiyamwage. Adui wa santuri hapa kwetu ni unyevu na joto zaidi kuliko umri. Ukungu mweupe ukiuona usiogope, hutoka. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tone moja la sabuni ya maji, kitambaa laini, unafuta kwa kufuata mzunguko na kamwe usikate mfereji, wala usiloweshe karatasi ya katikati. Zile za zamani za lakh zisipakwe spiriti hata kidogo, zinayeyuka. Ukimaliza zisimamishe wima, mbali na ukuta wa nje na mbali na dirisha la jua. Zikilazwa rundo zinapinda, na iliyopinda haina dawa nyepesi.

Asiyekuwa na nafasi ya kufanya hayo amwachie Mhariri namba yake. Nitakuja na beseni langu na vitambaa, siku yoyote baada ya alasiri isipokuwa Ijumaa. Sitaki malipo wala sitaki kuzichukua. Nitaziosha, nitaandika majina ya waimbaji na namba zilizoko kwenye karatasi za katikati, na kukuachia orodha. Kuna nyumba moja Malindi na moja Mkunazini ambazo tayari zimeniita, na ya Malindi ina santuri za mzunguko wa 78 zisizo na ala kabisa. Mwenye ala tupu za inchi 10, hata za karatasi nene ya kawaida, nazihitaji hizo kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Michenzani, Unguja